Mjane aliyesahauliwa mara mbili: kuongoza somo la rangi, asili, mume na mke katika kanisa la Malindi

Kila baada ya miezi michache, simu za Wakristo wa Malindi hupokea klipu ya mhubiri wa Marekani akionya juu ya nadharia hakiki ya rangi (kwa Kiingereza, critical race theory). Dakika chache mbele, mhubiri huyo huyo huwaambia wanawake washuke mimbarani. Vijana walio chuoni hujibu kwa klipu ya upande wa pili, na kabla ya juma kwisha kundi la kujifunza Biblia limegawanyika juu ya ugomvi uliozaliwa mbali. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuongoza somo hili kwa wiki nne, dakika 90 kila wiki, kundi lisizidi watu 12. Wakizidi hapo, wanawake wazee hunyamaza kwanza, kisha vijana, na mwisho hubaki wazee wa kanisa watatu wakijibizana.

Tuanze na neno lenyewe. Wako wanaotafsiri "nadharia ya mbari". Huku kwetu mbari ni ukoo, na mzee wa Kigiriama atadhani unataka kuzungumzia mbari za Wagiriama. Tumia "rangi", lakini useme mapema kwamba Malindi rangi peke yake haitoshi. Vipimo vyetu vya kudharauliana ni asili, kabila, lugha, na nani alifika lini: mwenyeji, mtu wa bara, Mwitaliano, mtoto wa muungwana, mjukuu wa mtumwa. Kundi likizungumzia weusi na weupe tu, kila mtu atakubaliana na kila jambo na kwenda nyumbani salama, kwa sababu hakuna aliyeguswa.

Nadharia hii ilianza katika vyuo vya sheria vya Marekani. Derrick Bell, mwanasheria mweusi aliyefundisha Harvard, pamoja na wenzake walijiuliza kwa nini sheria za haki za raia za miaka ya 1960 zilipita na bado maisha ya weusi wengi hayakubadilika kama ilivyotarajiwa. Jibu lao: ubaguzi si chuki ya moyoni tu. Umo pia katika sheria, katika mikopo, katika mipaka ya mitaa na desturi za kazi, na unaweza kuendelea hata pale ambapo hakuna anayemchukia mwenzake. Mwaka 1989 Kimberlé Crenshaw aliongeza mfano wa njiapanda. Alichambua kesi ya wanawake weusi watano walioishtaki kampuni ya General Motors, iliyoamuliwa mwaka 1976. Kampuni haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya 1964, na ilipopunguza watu kwa kufuata nani aliajiriwa kwanza, wanawake weusi walioingia baada ya 1970 wote walitoka. Mahakama ikawakatalia. Wanawake waliajiriwa, ikasema, maana walikuwapo wanawake weupe. Na kama shida ni rangi, wajiunge na kesi nyingine ya watu weusi dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Kwa kuwa wao walikuwa mambo mawili kwa pamoja, sheria haikuwa na mahali pa kuwaweka. Waligongwa pale njia mbili zinapokutana, na kila upande ukasema ajali si ya barabara yake.

Mweleze mwanakundi kisa hicho, lakini si wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza usiitaje nadharia kabisa. Ukiitaja, wenye klipu watatoa simu, na Biblia itabaki imefungwa.

Wiki ya kwanza soma Matendo ya Mitume 6:1-7, kisa cha wajane waliosahauliwa chakula kilipogawiwa katika kanisa la Yerusalemu, mara mbili kwa sauti, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kigiriama ikiwa kuna anayeisoma vizuri. Kisha uliza: ni nani hasa aliyelala njaa? Wengi watajibu "wajane". Irudishe aya kwao. Wajane wa Kiebrania walihudumiwa. Wanaume wa Kiyunani, yaani Wayahudi waliosema Kiyunani, hawakuwa wakilalamikia chakula chao wenyewe. Aliyesahauliwa ni mjane na ni wa Kiyunani, mwanamke asiye na mume wa kumsemea na asiye na lugha ya waliokuwa wakigawa. Ni njiapanda ile ile, na Luka aliiandika zaidi ya miaka 1,800 kabla ya mwanasheria yeyote wa Marekani kuipa jina. Hapa ndipo somo zima linaposimama. Kiongozi asiyelifikisha kundi kwenye jibu hilo afadhali arudie wiki ya kwanza kuliko kusonga mbele.

Baada ya hapo angalieni walichofanya mitume na wasichofanya. Hawakusema "hapa kwetu hatuna ubaguzi". Hawakuwashtaki walalamikaji kwa kuleta mafarakano. Hawakuuliza kama wagawaji walikusudia, na Luka mwenyewe hasemi lolote kuhusu nia yao. Kusahauliwa kulitosha kuwa kosa. Waliita mkutano wa wote, wakaweka sifa tatu, yaani ushuhuda mwema, Roho na hekima, na watu saba wakachaguliwa. Yasomeni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani. Meza nzima, pamoja na chakula cha wajane wa Kiebrania, ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliodhulumiwa. Hakikugawanywa nusu kwa nusu, wala hakikuundwa kitengo kidogo cha Wayunani pembeni.

Jambo moja litawapita wasomaji wa Kiswahili. Aya ya 3 kwetu husema "chagueni watu saba", lakini neno la Kiyunani pale ni la wanaume. Anayeamini kwamba uongozi wa kanisa ni wa wanaume atashika hapo, na ana haki ya kushika. Mwenye maoni tofauti atakwenda Warumi 16:1, ambako Fibi anaitwa kwa neno lile lile la Kiyunani ambalo katika Wafilipi 1:1 tumelitafsiri "mashemasi". Kwake yeye tafsiri yetu ya zamani ilichagua "mhudumu". Yataje yote mawili bila kuamua, uyahifadhi kwa wiki ya nne.

Kabla ya kuondoka, wape kazi ya hesabu. Hii ndiyo sehemu inayozaa matunda kuliko nyingine yoyote, na ndiyo inayoharibika upesi ikifanywa vibaya.

Chukueni kumbukumbu za Jumapili 13 zilizopita, yaani robo mwaka: zamu za ibada, daftari la sadaka, daftari la michango ya mazishi na ugonjwa, majina ya kamati, majina ya wenye sahihi benki. Karatasi iwe na safu nne tu: wanaume wenyeji, wanawake wenyeji, wanaume wa kuja, wanawake wa kuja. Andikeni ni nani aliyehubiri, aliyesoma neno, aliyehesabu sadaka, aliyepika, aliyeosha masufuria, na ni nani aliyesaidiwa alipofiwa au kuugua, kwa shilingi ngapi, na baada ya siku ngapi. Mstari huo wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na Matendo 6, na ndio makanisa mengi husahau kuuhesabu. Kima cha mchango husema jambo moja. Siku zilizopita kabla ya mchango kufika husema lingine.

Ubaya unaotokea mara nyingi ni kuhesabu kwa kipimo kimoja kimoja. Tuseme kamati ina watu 9. Wanawake ni 4, na Umoja wa Akina Mama unaridhika. Wagiriama ni 4, na wenyeji wanaridhika. Lakini wanawake wote 4 ni wa bara, na Wagiriama wote 4 ni wanaume. Mwanamke Mgiriama, ambaye katika vijiji vya Ganda, Kakuyuni au Msabaha anaweza kuwa ndiye anayejaza mabenchi, hayumo hata mmoja. Kila safu ikitazamwa peke yake ni nzuri. Ndiyo maana karatasi lazima iwe na safu nne zinazokatana, si mbili.

Ubaya wa pili ni kuulizana kabila mbele ya watu. Usifanye hivyo. Wahesabuji wawili, mwanamume na mwanamke, mmoja mwenyeji na mmoja wa kuja, wakae na madaftari wenyewe. Karatasi ya mwisho iwe na namba tu, bila jina la mtu. Jina moja likitokea, mazungumzo yatageuka kuwa kesi yake, na kila mwenye jamaa naye atajitetea.

Ubaya wa tatu ni kumaliza kwa kusema "hawajitokezi". Ukiona safu tupu, uliza saa ya mkutano. Kamati ikikutana saa moja usiku mjini, mjane wa Kakuyuni atarudi na nini, kwa nauli ya nani? Uliza matangazo hutolewa wapi. Yakiwa kwenye kundi la WhatsApp tu, mwenye simu ya kitufe hana habari. Uliza kumbukumbu husomwa kwa lugha gani. Mambo haya matatu, saa, simu na lugha, hueleza safu tupu nyingi kuliko uvivu, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji mtu mwenye roho mbaya ili liwepo.

Wiki ya pili ni ya historia, na hapa kiongozi awe na uzito mkononi. Anzeni na Mwanzo 9:25. Nuhu anasema, "Na alaaniwe Kanaani". Hamu hakulaaniwa. Hamu alikuwa na wana wanne, Kushi, Misri, Putu na Kanaani, na Kushi, ambaye nchi yake iko kusini mwa Misri, hakuguswa na laana hiyo hata kidogo. Hata hivyo kwa karne nyingi Wakristo waliifundisha aya hii kuwa ndiyo sababu ya Mwafrika kuwa mtumwa. Bado kuna Waafrika wanaoamini hivyo juu yao wenyewe; uliza, utashangaa ni wangapi.

Kisha waonyeshe Biblia ilivyokatwa. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya kuwafundishia watumwa wa visiwa vya Karibi vya Waingereza. Kati ya sura 1,189 zilibaki 232. Kisa cha Musa na Farao kiliondolewa. Wagalatia 3:28, "hapana mtumwa wala huru", iliondolewa. Waefeso 6, agizo la watumwa kuwatii mabwana zao, lilibaki. Nenda pia Afrika Kusini: mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Kiholanzi la Reformed iliruhusu ushirika utengwe kwa rangi kwa ajili ya "udhaifu wa wengine", yaani weupe wasiotaka kunywa kikombe kimoja na weusi. Ilikuwa ruhusa tu, kwa upole. Mwaka 1881 limekuwa kanisa jingine kabisa, na kufikia 1948 ruhusa ile imekuwa teolojia ya serikali. Mwaka 1982 kanisa hilo la watu wasio weupe liliandika Ungamo la Belhar na kukiita kitu hicho dhambi, kwa lugha ya Maandiko matupu. Anayesema kwamba huwezi kutaja dhambi ya mfumo bila kukopa nadharia ya Marekani amesahau Belhar. Makanisa yetu yenye ibada ya Kiingereza, ibada ya Kigiriama na misa ya Kiitaliano hayana kosa kwa sababu ya lugha. Jiulizeni tu ni lini ibada hizo zote hula meza moja. Kama jibu ni "kamwe", mmefika 1857.

Malindi wenyewe tuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, yenye msalaba juu. Karibu miaka hamsini kabla yake, mwaka 1452 na 1455, Papa Nikolasi wa Tano alikuwa ametoa hati zilizompa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwashinda wasio Wakristo na kuwatia utumwani. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitangaza wazi kulikataa lile liitwalo fundisho la ugunduzi, yaani kwamba nchi ya wasio Wakristo ni halali ya Mkristo aliyeifikia, lililotegemea hati kama hizo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wiki ya pili ina hatari yake Pwani: mtu ataruka na kusema utumwa ulikuwa wa Waarabu na Waislamu, na somo litakuwa la kuwahukumu majirani. Mashamba ya watumwa ya Malindi ya karne ya 19 yalikuwapo, ni kweli. Lakini jioni hii ni ya Wakristo kusoma madaftari ya Wakristo.

Halafu ardhi. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye dai katika ukanda wa pwani wa maili kumi alilete liandikishwe, na isiyodaiwa ni ya Taji la Uingereza. Maneno yake hayakumtaja Mgiriama wala mtumwa. Walioandikisha ni wenye hati na wenye kujua njia ya ofisini. Wamijikenda (Wagiriama wamo kati yao), waliomiliki kwa ukoo, na watumwa waliokuwa wameachwa huru jana tu, hawakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Mjukuu wao leo ni skwota juu ya udongo wenye makaburi ya babu zake, na hakuna afisa wa leo anayehitaji kumchukia ili hali hiyo iendelee. Mkitaka kuelewa wanasheria wale wa Marekani wanamaanisha nini wanaposema ubaguzi wa mfumo, huu ndio mfano, uko mlangoni petu.

Sasa mweke mjane wa Kigiriama ndani ya picha hiyo. Ardhi ya watu wake iliondolewa kwa sheria. Kipande kilichobaki kiko mikononi mwa ukoo wa mumewe. Mume akifa na nywele za mjane zikiwa nyeupe, anaweza kuitwa mchawi. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma hiyo, na mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta shamba. Anayehubiri juu ya dhuluma ya 1908 bila kutaja hilo la pili amemwona nusu. Anayehubiri juu ya mila mbaya za Wagiriama bila kutaja 1908 naye amemwona nusu.

Lazima lizuke swali: je, tunabeba dhambi za mababu? Weka aya mbili mezani na usiziache zitengane. Ezekieli 18:20, mwana hatauchukua uovu wa babaye. Nehemia 1:6, "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi". Ezekieli anazungumza juu ya hukumu, nani afe kwa kosa lipi. Nehemia anazungumza juu ya nyumba iliyobomoka, nani aijenge. Mtu anaweza asiwe na hatia ya ukuta kuanguka na bado awe na wajibu wa kubeba mawe. Kundi likipata tofauti hiyo, nusu ya ugomvi wa klipu huisha hapo.

Wiki ya tatu ndiyo ya nadharia, na haihitaji muda mwingi kama watu wanavyodhani. Toa kisa cha wanawake watano, kisha pima mambo manne yanayodaiwa na nadharia. Kwamba mipaka ya rangi imetungwa na watu: Matendo 17:26 inakubali, kila taifa limetoka katika mmoja. Kwamba sheria inaweza kuwa dhuluma: Isaya 10:1-2 inawalaani waweka amri zisizo za haki, na inawataja wajane waliofanywa mateka. Kwamba aliyeumizwa anaona asichokiona mwingine: kweli kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu ya kumsikiliza kwanza, lakini Kumbukumbu la Torati 19:15 bado inadai mashahidi wawili au watatu, na uchungu wa mtu haufuti uchunguzi. La nne ni pale Bell alipofika baadaye, kwamba ubaguzi wa rangi Marekani ni wa kudumu. Hapo Mkristo anaachana naye. Si kwa sababu hali si mbaya, bali kwa sababu Ufunuo 7:9 umekwisha kuona mwisho, kila kabila na lugha mbele ya kiti kimoja. Nadharia pia haina neno la msamaha. Inaweza kukuonyesha Zakayo amenyang'anya nani na kwa njia gani. Haiwezi kumwita ashuke mtini. Lakini Zakayo aliposhuka alirudisha mara nne, na wanaopenda kutaja msamaha mara nyingi hawafiki aya ya 8 ya Luka 19.

Wapeni pia historia ya ugomvi wenyewe, kwa ufupi. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walijitenga mwaka 1845 kwa sababu walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamishenari. Waliomba radhi mwaka 1995. Mwaka 2019 mkutano wao ulisema nadharia hii inaweza kuwa chombo cha uchambuzi chini ya Maandiko. Novemba 2020 wakuu wa seminari zao sita wakasema haipatani na imani yao, na baadhi ya wachungaji weusi wakaondoka. Voddie Baucham, mhubiri mweusi wa Marekani aliyefundisha teolojia Lusaka kwa miaka kadhaa, alikuwa miongoni mwa waliopinga nadharia hii kwa nguvu, kwa hiyo msigawanye pande kwa rangi ya ngozi. Na msikubali kifurushi. Huko, kuipinga nadharia na kupinga wanawake kuwa wachungaji vimefungwa kamba moja. Hakuna sababu vifungwe hivyo hapa. Katoliki anayeshika barua ya Yohane Paulo wa Pili ya 1994, kwamba upadre ni wa wanaume, anaweza kupigania ardhi ya maskwota kwa moyo wote. Muanglikana ambaye kanisa lake Kenya lilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu mwaka 2021 anaweza bado kuwa na kamati isiyo na mjane mwenyeji hata mmoja.

Wiki ya nne, Waefeso 5:21-33. Gawa kundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao kwa dakika 20, kisha mkutane. Mchungaji asikae na wanawake, wala mkewe asipewe kuandika majibu yao. Asiyejua kuandika atumie punje: hindi kwa ndiyo, kunde kwa hapana, zitiwe bakulini chini ya kitambaa.

Kuna jambo ndani ya Kiswahili chetu ambalo kiongozi lazima alijue. Aya ya 21 husema "hali mnanyenyekeana", na ya 22 husema "Enyi wake, watiini waume zenu". Msomaji anaona vitendo viwili. Katika Kiyunani ni kitenzi kimoja, na katika baadhi ya nakala za kale kabisa aya ya 22 haina kitenzi chochote, inakiazima kile cha 21. Kisha 6:1 watoto wanaambiwa "watiini wazazi wenu", nasi tumetumia tena "tii", ingawa Kiyunani pale kimebadilisha kitenzi. Matokeo yake, kwa sikio la Kiswahili mke yuko karibu na mtoto kuliko alivyo katika maandishi ya Paulo. Hili halimalizi mjadala. Wanaoamini kwamba mume ni kichwa wana aya ya 23. Lakini linaondoa uzito ambao ni wa tafsiri, na kuacha ule ambao ni wa Neno. Hesabuni pia aya: wake wameambiwa katika 22 hadi 24, waume kuanzia 25 karibu hadi mwisho, na kipimo cha mume ni aliyejitoa afe.

Kwa mimbara, wekeni 1 Timotheo 2:12 kando ya 1 Wakorintho 11:5, ambapo wanawake wanasali na kutoa unabii kanisani, na Matendo 18:26, ambapo Prisila na Akila wanamweleza Apolo njia ya Mungu. Kitenzi tulichotafsiri "kumtawala" katika Timotheo kinatokea mara moja tu katika Agano Jipya lote, na ndiyo maana wasomi hawakubaliani juu ya ukali wake. Kanuni ya jioni hiyo: kila upande ueleze hoja bora ya upande wa pili, mpaka wenye hoja waseme "ndiyo, hivyo". Asiyeweza hajaruhusiwa kujibu.

Mtu atasema desturi ya Mijikenda haimpi mwanamke sauti hadharani. Mkumbushe Mekatilili wa Menza, mjane, aliyewasimamisha Wagiriama mwaka 1913 kwa maneno na ngoma. Hakuwa Mkristo na hatumwiti shahidi wa fundisho lolote. Ni shahidi wa desturi tu.

Na likitokea jambo la kipigo, somo lisimame. Mwanamke akisema anapigwa, hiyo si mada ya Waefeso 5. Apelekwe hospitali, ajaziwe fomu ya P3, na aambiwe namba 1195, ambayo ni ya bure. Akiwa amebakwa, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hapo hazisaidii. Wasipatanishwe sebuleni kwa mchungaji usiku huo huo. Ndilo kosa linalorudiwa zaidi, na hufanywa na watu wenye nia njema.

Maamuzi yawe matatu tu, yatokane na karatasi ya namba. Mifano inayofanya kazi: kuhamishia kamati Jumamosi saa nne asubuhi na kuwalipia nauli wanaotoka mbali, matangazo yote yarudiwe kwa sauti kwa Kigiriama mwisho wa ibada, kima cha mchango wa mazishi kiwe kimoja kwa kila mshiriki na kifike ndani ya siku tatu, zamu ya masufuria iingie wanaume, kwa majina, ibandikwe ukutani. Wajane wenyewe wachague mmoja wao awe miongoni mwa wanaogawa fungu la wahitaji, awe na sauti kamili, si mgeni mwalikwa.

Karatasi ya hesabu akae nayo karani, si mchungaji, na wahesabuji wale wawili wairudie baada ya Jumapili nyingine 26. Waangalie kwanza ule mstari wa siku ngapi.